Mashine ya Hospitali au Mifuko ya Nyumbani

Figo zetu mbili ni chujio la damu. Zikifa zote mbili, taka na maji hubaki mwilini; mtu huvimba, hukosa pumzi, na asipotibiwa hufa. Asiyepata figo ya mtu mwingine hana budi kusafishwa damu, na njia ni mbili.

Ya kwanza ni mashine. Damu hutolewa katika mshipa wa mkono, hupitishwa katika chujio, kisha hurudishwa. Yapata saa nne, mara mbili au tatu kila juma, aghalabu hospitalini. Ya pili hufanywa nyumbani. Daktari hutia mpira mwembamba tumboni, na kwa mpira huo mgonjwa hujitilia maji ya dawa kutoka mfukoni, kama lita mbili. Maji hukaa saa kadhaa yakivuta taka, kisha humwagwa na kutiwa mengine, mara nne kwa siku, kila siku.

Mtu angedhani ya kwamba daktari ndiye aamuaye. Mara nyingine ni hivyo, maana tumbo lenye makovu mengi ya kupasuliwa huenda lisifae. Walakini kwa wengi wafaao njia zote mbili, huamua mambo mengine.

Tutazame nchi ya Tailandi, iliyoitwa Siamu zamani. Mwaka 2008 mpango wa afya wa serikali ulianza kuwalipia wagonjwa wa figo, ukitanguliza njia ya tumbo. Aliyetaka mashine pasipo sababu ya ugonjwa alijilipia mwenyewe. Mashine zilikuwa chache, nyingi zikiwa mijini. Bali maji ya dawa yaliweza kupelekwa na posta mpaka nyumbani kwa mkulima. Basi hapo aliyechagua ni mwenye kulipa. Februari 2022 mgonjwa alipewa ruhusa kuchagua pamoja na daktari wake, na wengi wakaenda kwenye mashine. Gharama zikapanda, na mwaka 2025 njia ya tumbo ikatangulizwa tena kwa wagonjwa wapya.

Sisi hatuwalaumu waliokwenda kwenye mashine. Njia ya nyumbani yataka chumba safi, mikono iliyooshwa vema kila mara, macho yanayoona, na mahali pa kuweka masanduku ya dawa. Uchafu kidogo ukiingia katika mpira, tumbo huwaka kwa maumivu na homa. Mzee asiyeona vizuri humtegemea binti au mkwe, naye huona haya kuwalemea. Afadhali, asema moyoni, nilazwe mbele ya muuguzi. Bali mwalimu mwenye darasa, au mama mwenye watoto wadogo, huenda akaipenda mifuko, maana haimfungi siku tatu za juma, wala haimpunguzii sana chakula na maji ya kunywa. Wako pia wasiotaka mpira uonekane mwilini, na wengine wasioweza kutazama sindano. Haya si mambo madogo kwa mwenye kuyabeba.

Lakini liko jambo moja lipitalo yote, nalo ni wakati. Mshipa wa mkono hutengenezwa majuma mengi kabla ya kutumika, na mpira wa tumbo kwa kawaida huachwa upone kama majuma mawili. Mwenye kuambiwa mapema hupata nafasi ya kuketi na jamaa zake, kuuliza, na kuwaona waliotangulia. Aletwaye usiku akihema hutiwa mpira shingoni na kufungwa kwenye mashine upesi, asiulizwe neno. Na wengi walioanza hivyo hubaki huko huko.