Laptopu Kuukuu Ikigoma Kuingia Mtandao wa Chuo

Mwaka wa masomo ukianza, wanafunzi wapya huja na laptopu walizorithi kwa kaka na dada zao. Ile iliyokuwa ikiingia Wi-Fi ya nyumbani bila ubishi, chuoni inazungusha duara, inadai nenosiri tena, kisha kimya. Wenzake humwambia mwenyewe anunue nyingine. Mimi humwambia atazame saa kwanza.

Nyumbani nenosiri ni moja kwa wote. Kwenye eduroam, mtandao ulioanzia Ulaya mwaka 2002 na ambao sasa umo katika vyuo vya Kenya na Uganda pia, kila mtu huingia kwa jina lake lenye alama ya @. Seva husoma kilichofuata alama hiyo, kisha hupeleka ombi kwenye chuo chako; mwanafunzi wa Nairobi akiwa mgeni Kampala, anayemthibitisha ni Nairobi. Ila kabla nenosiri halijatoka, laptopu nayo huikagua seva. Huonyeshwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Hapo ndipo saa inapoponza. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo inayoilinda saa mashine ikizimwa, mara nyingi CR2032 ya volti 3, upana wa milimita 20. Ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Laptopu inayoamini tuko 2009 ikipewa cheti kilichotolewa juzi, huona muda wake haujaanza, ikakikataa. Ujumbe kwenye skrini aghalabu hautaji saa hata kidogo, basi mtu anabaki kuandika nenosiri lilelile mpaka achoke. Kurekebisha tarehe kwa mkono ni kazi ya dakika moja. Betri yenyewe fundi ataibadilisha baadaye.

Saa ikiwa sawa na bado inagoma, shuku mfumo. Windows 7 isiyosasishwa hutumia TLS 1.0, toleo kuukuu la itifaki ya usalama, katika ukaguzi huu, na seva nyingi siku hizi hazikubali chini ya 1.2. Kwa mashine ya namna hiyo ningeweka Linux nyepesi kuliko kuhangaika na viraka. Kama jina la mtandao halionekani kabisa huku simu ya jirani inaliona, huenda kadi yako inanasa gigahezi 2.4 tu na jengo hilo linarusha 5. Adapta ndogo ya USB inamaliza shida hiyo.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wa mabwenini huipenda: kuzima ukaguzi wa cheti. Kweli, laptopu itaingia. Lakini itaingia pia kwa yeyote aliyewasha kifaa chake pale kantini na kukiita eduroam, akusanye nenosiri ambalo pengine ndilo linalofungua barua pepe na matokeo yako. Nenda ofisi ya TEHAMA, uombe cheti sahihi na jina kamili la seva ya chuo, uviingize kwenye mipangilio.