Ukame wa Dodoma ndio utamu wa zabibu zake

Mashamba mengi ya mizabibu duniani yako kati ya nyuzi 30 na 50 kutoka ikweta, ambako majira ya baridi huupukutisha mti majani ukapumzika. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini. Hapa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, hivyo kazi hiyo anaifanya mkulima kwa mkasi.

Baada ya mavuno hupunguza maji, kisha hupogoa matawi hadi vibaki vijiti vifupi vyenye macho machache. Ukisogea karibu utaona majimaji yakidondoka pale palipokatwa, dalili kwamba mizizi imeanza kuyasukuma juu. Macho yanachipua, na miezi minne hivi baadaye mashada yameiva. Ndiyo maana shamba lenye maji huvunwa mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi, na tena Agosti hadi Septemba.

Mavuno hayo mawili hayalingani. Mvua za Dodoma, milimita 500 hadi 600 hivi, hunyesha karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Zabibu za Machi hukulia kwenye unyevu, ubwiri vinyoya ukashambulia majani, na mkulima akashinda na bomba la dawa mgongoni. Mvua ikishuka zinapokaribia kuiva, punje hujaa maji, sukari hupungua na nyingine hupasuka. Za Agosti hukomaa wakati wa kipupwe. Mchana jua kali huongeza sukari. Usiku, kwa kuwa uwanda uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na anga ni nyeupe, joto hushuka upesi na ule ukali unaouchangamsha mvinyo haupotei.

Ukame huohuo ndio uliojaza nchi hii mibuyu, migunga na makorongo yanayopitisha maji siku chache tu. Mahindi hunyauka mvua ikikatika. Mtama, uwele na mzabibu hustahimili.

Lakini kustahimili si kuishi bila maji. Zabibu bora za kiangazi hutegemea umwagiliaji, na visima vya bonde la Makutupora ndivyo pia vinavyolinywesha jiji linalokua kwa kasi. Umwagiliaji wa matone, kama ulivyofungwa kwenye mashamba ya mizabibu ya Chinangali, unapaswa kuwa kawaida ya kila shamba jipya. Anayetaka mvinyo wa Dodoma uheshimike apime maji kwanza, ndipo apime ekari.