Je, wajua? Ngumi za hewa ndani ya drili ya nyundo

Ukiisikia drili ya nyundo ikitoboa zege, utadhani ndani yake mota inagonga chuma kwa chuma. Sivyo. Mota husukuma pistoni mbele na nyuma ndani ya silinda, na mbele ya pistoni hiyo kuna kipande cha chuma kilicho huru. Kati ya viwili hivyo hakuna kitu ila hewa. Pistoni ikienda mbele, hewa hubanwa, nayo hukirusha kile chuma kikaupige mkia wa biti. Kwa drili ndogo za betri hilo hutokea zaidi ya mara 4,000 kwa dakika, huku biti ikizunguka. Bosch ya Ujerumani ilitengeneza nyundo ya umeme inayofanya kazi kwa hewa hivi mwaka 1932.

Ndiyo maana kuikandamiza kwa nguvu hakusaidii. Drili ya kawaida yenye kigongeo hutegemea sahani mbili zenye meno, hivyo humtaka fundi aisukume kwa mwili. Hii huegemewa kidogo tu, pigo linatoka kwenye hewa. Anayeikandamiza huchosha mikono bure, na ukuta ukitoboka ghafla upande wa pili, hujikuta akienda na drili.

Kwa kuwa drili ya betri haina waya, wengi huiona salama kuliko ndugu yake wa kuchomekwa. Kwa jambo moja ni kweli, nalo ni kubwa kuliko wanavyodhani: unaweza kuzima swichi kuu ya nyumba nzima na bado ukatoboa. Tumia nafasi hiyo. Waya uliofukiwa ukutani una umeme uleule hata kama mkononi una betri, na biti ya chuma ikiugusa, umeme una njia ya kukufikia. Kwa kawaida waya hupanda au kushuka wima, au kwenda mlalo, kutoka kwenye swichi na soketi, kwa hiyo usitoboe juu, chini wala pembeni mwake sambamba. Lakini usiuamini mpangilio huo mno. Kuna mafundi wanaopitisha bomba la waya mshazari ili kuokoa mita mbili tatu, na plasta ikishakauka hakuna anayejua.

Hatari inayoumiza mikono zaidi ni nondo. Biti ikiikuta ndani ya zege hukwama papo hapo, ila mota haijapata habari. Kwa kuwa biti haizunguki tena, kinachozunguka ni drili yenyewe, pamoja na kiwiko cha aliyeishika. Klachi ya ndani huteleza kuupunguza mzunguko huo, lakini mara nyingine kifundo cha mkono kimeshapindwa. Ule mpini wa pembeni umewekwa kwa ajili ya sekunde hiyo. Nasikitika kila ninapoona mashine nzuri mpini wake umefunguliwa na kuachwa kwenye boksi. Ufunge, ishike drili kwa mikono miwili, na usitoboe zege ukiwa umejinyoosha juu ya ngazi kwa mguu mmoja.

Kisha kuna vumbi. Mchanga ulio ndani ya zege una silika, na chembe zake zinazodhuru ni zile zisizoonekana, zinazobaki zikielea baada ya vumbi zito kutua. Huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyopona. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiorodhesha silika hiyo kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu mwaka 1997. Kitambaa cha kufunga puani hakiizuii. Vaa barakoa ya N95 au iliyo bora zaidi, inayobana uso vizuri. Wala usipulize shimo kwa mdomo: vumbi linarudi machoni. Lifyonze kwa mashine, na miwani usiivue hadi umalize.

Masikio nayo yana bajeti yake. Wataalamu wa afya kazini Marekani hupendekeza saa 8 kwa desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu. Kwa desibeli 100, ambazo drili hii huzifikia, zinabaki dakika 15 kwa siku, kama huna vizibo.

Unapobadilisha biti, chomoa betri kwanza, kwani kidole kikigusa kitufe mashine huwaka. Na biti iliyotoka ndani ya zege usiishike kwa mkono mtupu; huunguza.