Chuma na Mti: Ufundi Uliowagharimu Ndovu wa Karamoja

Watu wengi huisifu bunduki ya zamani ya komeo kwa urefu wa mtutu wake au kwa nakshi zake. Fundi ajuaye kazi yake hutazama kwanza mahali pasipoonekana, pale chuma kinapokutana na mti. Hapo ndipo shabaha huzaliwa, na hapo ndipo hufa.

Mwaka 1898 kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, Ujerumani, kilitoa mtambo ambao mpaka leo mafundi huufanya kipimo. Komeo lake hufungwa kwa meno mawili mbele, na la tatu nyuma ni la akiba. Ukucha mrefu wa chuma huikamata risasi mara itokapo katika kisanduku chake, wala hauiachi mpaka ganda litupwe nje. Kampuni ya Rigby ya London iliujengea mtambo huo bunduki za wawindaji, na mwaka 1911 ikatoa risasi ya .416 kwa wanyama wakubwa.

Kuukalisha mtambo ni kazi ya subira. Ubao wa mjozi sharti ukaushwe miaka kadhaa, kwani mti mbichi hujipinda ukausukuma mtutu. Fundi huchonga kwa patasi, hupaka chuma masizi, hukikalisha, kisha hukiinua. Penye doa jeusi ndipo panapogusa. Hukwangua kidogo na kurudia, tena na tena, hata doa lienee sawasawa. Chini ya mtambo kuna kigingi kipokeacho teke la bunduki. Kisipoegemea mti barabara, mtambo husogea kila risasi iliapo, shabaha hupotea, na mwishowe kitako hupasuka.

Uganda iliuona ukamilifu wa kazi hiyo kwa hasara. Mskochi W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi wao kwa bunduki nyepesi za milimita 7, mojawapo ikiwa ya Rigby. Alipasua mafuvu ili ajue ubongo ulipo. Tangu hapo risasi ndogo ilitosha, mradi ifike pale pale.

Mwaka 1989 mataifa yaliazimia kupiga marufuku biashara ya pembe. Bunduki hizo sasa hutunzwa na wakusanyaji kama vitu vya thamani. Mkono uliozichonga wastahili heshima. Lakini aisifuye shabaha yake na akumbuke pia ililenga nini.