Bundi hakubadilika rangi, ni hesabu ndiyo ilibadilika

Wandugu, leo tuongee juu ya bundi. Najua, kwetu akilia usiku juu ya nyumba, hakuna anayelala vizuri. Lakini huyu ni wa mbali: Ufini, kaskazini mwa Ulaya.

Kule, bundi wa msituni wako wa rangi mbili, kijivu na kahawia. Bundi anakua na rangi yake na anakufa nayo. Uzee haubadilishi, baridi haibadilishi. Rangi inatoka kwa wazazi, na ya kahawia ndiyo yenye nguvu: mtoto akiipokea kwa mzazi mmoja tu, inatosha.

Miaka ya 1960, wa kahawia walikuwa karibu 30 kwa 100. Kufikia 2010 walikuwa karibu nusu. Sasa, kama hakuna bundi aliyebadilika rangi, hii ilitoka wapi?

Mwaka 2011, Patrik Karell na wenzake walitoa jibu. Walitumia hesabu za miaka karibu 30, za ndege waliovishwa pete mguuni. Waliona kwamba theluji ikiwa nyingi, wa kahawia wanakufa zaidi kuliko wa kijivu. Theluji ikiwa kidogo, hawaumii vile tena. Na baridi ya kule imeendelea kupungua. Basi wa kahawia wanapona, wanazaa, wanaongezeka. Kwenye kozi ya jenetike tuliita hii uteuzi asilia.

Sababu gani mtu wa agronomi anajisumbua na bundi? Kwa sababu ya aibu moja. Nilipotoka tu na lisansi yangu, niliwaambia wamama fulani waache kuchanganya maharagi, wapande aina moja. «Itazoea jua polepole», nilisema. Mama mmoja akaniuliza: «Mwanangu, itazoea namna gani, na itakuwa imekwisha kufa?» Watu walicheka. Mimi nilikasirika.

Leo naona mama alikuwa na haki. Mmea mmoja hauzoei namna ile, sawa vile bundi mmoja hageuki kahawia. Kinachobadilika ni kundi, na kundi haliwezi kubadilika kama ndani yake wote ni sawasawa. Kama Ufini ingekuwa na bundi wa kijivu tu, baridi ingepungua na hakuna wa kahawia wa kuongezeka. Yule mama alikuwa na maharagi ya rangi nyingi kwenye kikapu kimoja. Si rangi yenyewe inayookoa harage. Rangi inaonyesha tu kwamba mbegu ni mbalimbali. Mvua ikizidi, hizi zinaoza, zile zinabaki. Jua likizidi, zingine ndizo zinabaki.

Njo maana siku hizi, mbele ya kushauri mkulima, ninamwomba kwanza anionyeshe kikapu chake cha mbegu. Na kwenu, wamama wanachanganya aina ngapi?