Rafiki akikufuata mu safari: mambo ya kupatana mbele

Bandugu wa promosyo, wengi mumeniuliza namna ya kukutana na barafiki wanaokuja kukuona wakati uko mu safari ndefu inje ya inchi. Nitaeleza, maana mimi karibu nipoteze rafiki wawili juu ya hiyo mambo.

Mwaka 2019, kiisha licence ya agronomie, nilitoka Bukama na sakosi moja ya mugongo: treni mpaka Lubumbashi, kisha Kasumbalesa, Zambia, na nia ya kuzunguka Tanzania miezi tatu. Rafiki zangu wawili walikuwa na konje ya siku kumi. Tukapatana: "Tukutane ku gare ya Kapiri Mposhi siku ya Ijumaa, tupande TAZARA pamoja." Kila mutu aliona ni wazi.

Kumbe Kapiri Mposhi iko na gare mbili. Moja ni ya njia ya zamani ya Zambia, ile inayotoka Livingstone na kupita Lusaka. Ingine, New Kapiri Mposhi, ni ya TAZARA, njia ya kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam, iliyojengwa kwa musaada wa Wachina kuanzia 1970. Mimi nilikaa ku ya kwanza, wao ku ya pili. Sim kadi zao za Kongo zilikufa palepale ku mupaka, na namba yangu ya Zambia hawakuwa nayo. Nilifika mbio, jasho mpaka mu viatu, watu wamekwisha kuanza kupanda.

Basi andikianeni jina kamili la mahali, kitu kisichohama (mulango, muti, gishe), na saa ya kuacha kungojea. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau sana. Mukisema "nisipofika mpaka 12h, endeleeni", hakuna atakayekasirika. Sisi wa Bukama tunapaswa kuijua: mama anayengojea bato ya samaki toka Kisale anajua mbele kwamba ikikosa, atalala kwa nani.

Tena saa. Katanga na Zambia ni saa moja, lakini ukivuka Nakonde kuingia Tunduma, 10h inakuwa 11h. Na Mutanzania anahesabu toka jua linapochomoza: "saa tatu asubuhi" yake ni 9h yetu. Rafiki yangu mumoja aliambiwa feri ya Unguja inaondoka saa tatu na nusu. Alimuamusha mwenzake 2h ya usiku, amevaa na viatu.

Lakini kinachovunja urafiki ni makuta. Anayekuja siku kumi ameweka franga mwaka muzima ili azitumie zote. Wewe wa miezi tatu, dola moja unaigeuza mara mbili. Mimi nilijipimia dola 12 kwa siku. Tulipofika Dar, wao wakachukua chumba chenye hewa baridi, taksi, samaki wa kuchoma karibu na bahari. Nikaona haya kusema. Siku mbili nikalipa sehemu yangu, na chakula cha juma nzima kikaisha. Siku ya tatu nikanuna. Wakasema: "Huyu amekuwa muzungu."

Usiku mumoja wao akaniuliza waziwazi. Nikatoa kaye yangu ya hesabu, akasoma. "Sasa juu ya nini haukusema toka Lubumbashi?" Sikuwa na jibu.

Kuanzia pale, nililala kwa nyumba ya wageni ya bei ndogo Kariakoo, wao wakabaki kwao. Muchana kila mutu na yake, magaribi tunakula pamoja. Unguja walienda wawili. Mimi nilifua nguo na kulala, na kweli nilikuwa nimechoka kuliko nilivyojua. Hakuna sheria inayosema mugeni wako lazima akae na wewe siku zote kumi.

Tena waombeni mizigo. Waliniletea samaki kavu ya nyumbani, na barua ya mama ndani ya kartasi ileile, imenuka samaki. Wakirudi, wape vile usivyotumia. Mimi niliwapa koti na vitabu viwili. Koti, mudogo wangu angali analivaa.