Kusoma na Kubisha katika Shule za Mwambao wa Bagamoyo

Mwalimu yeyote aliyefundisha Bagamoyo, Saadani au Pangani amjua mtoto asomaye ukurasa mzima pasipo kukosa herufi, naye akiulizwa maana hunyamaza. Huyo si mjinga. Neno letu kusoma lina maana mbili, kutamka na kufahamu, naye ameshika ya kwanza tu.

Wako wanaolaumu vyuo vya Korani, ambavyo habari zake zimo katika Desturi za Wasuaheli (1903), kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Twaona lawama hiyo yapita kiasi. Chuoni mtoto alianza kwa kuhifadhi, ni kweli. Lakini mtu mzima aliyepokea barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hakuweza kuisoma kwa sauti asipoifahamu kwanza. Kwa maandiko ya zamani b na p zilikuwa herufi moja, i na e irabu moja, na m iliyotangulia b mara nyingi iliachwa. Basi bibi na pembe ziliandikwa sawasawa! Mfanyabiashara wa Bagamoyo akiandikiwa kwamba yuaja na mzigo, ilimpasa kupima maneno ya kandokando, achague, tena awe na sababu ya kuchagua. Herufi za Kilatini, ambazo Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilizipa tahajia moja, zimeondoa taabu ile, na zoezi lake limekwenda nayo.

Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza darasa la I na la II mwaka 2015, ulitaka ufahamu pamoja na ufasaha. Vema, ila ufasaha husikika upesi, na ufahamu hauna budi kuulizwa.

Hapo ndipo adabu huzuia. Mtoto wa pwani amefunzwa asibishane na mkubwa, na mbishi ni jina baya. Lakini mabaharia husema chombo chabisha kiendapo kinyume cha upepo, mara upande huu, mara upande huu, hata kifike. Ndiyo maana tuitakayo darasani.

Vitendawili vyafaa kuianzia. Kwa desturi ashindwaye hutoa mji, na mtegaji hutoa jibu. Sisi twashauri mji usipokewe kabla sababu hazijasemwa. Tukitega, “Nyumba yangu haina mlango,” jibu la wazee ni yai. Mtoto akisema kaburi, asikatazwe. Aulizwe kwa nini. Atajibu kwamba kaburi nalo halina mlango. Mwenzake atapinga: mtegaji amesema nyumba yangu, naye yu hai. Wa tatu atauliza, je, asemaye ni kuku au ni kifaranga? Basi mwalimu na aliandike ubaoni neno yangu, akae kitako, awasikilize.